Ndege ikipotea, nani anafaa kuambiwa nini?

1/ Kila ndege ikipotea, mabishano ni yale yale. Mmoja anasema, "Tuite nchi zenye mitambo." Mwingine anajibu, "Siri za jeshi letu hazitoki nje!" Kabla tushikane mashati, hebu tuangalie historia kidogo. 🧵

2/ Tuanze na yetu. Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways, KQ507, iliondoka Douala, Cameroon, usiku wa manane ikija Nairobi na watu 114. Ikapotea. Msako wa kwanza ukaelekezwa zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Jioni ya Mei 6 mabaki yakapatikana kwenye kinamasi cha mikoko, kama kilomita 5 tu kutoka uwanja wa ndege. Hakuna aliyepona.

3/ Yaani hata ukiwa na helikopta ngapi, habari ya kwanza ikiwa mbovu unatafuta hewa.

4/ Machi 8, 2014. MH370 inatoka Kuala Lumpur kwenda Beijing, watu 239. Mawasiliano yanakatika. Nchi kadhaa zinakimbilia Bahari ya China Kusini. Lakini usiku huo huo rada ya jeshi la Malaysia ilikuwa imenasa ndege ikigeuka kurudi magharibi! Msako upande wa mashariki uliendelea karibu wiki nzima.

5/ Siku kumi baadaye, jeshi la anga la Thailand nalo likasema rada yake ilinasa ndege isiyotambulika. Mbona halikusema mapema? Eti halikuulizwa.

6/ Msikimbilie kusema ni roho mbaya. Ukimwonyesha jirani kile rada yako imeona, umemwonyesha pia mahali haioni. Hiyo hofu ni ya kweli. Shida ni kwamba kifaa cha kutoa mlio chini ya maji, kile hufungwa kwa kisanduku cheusi, betri yake ilikuwa ya siku 30 hivi. Wiki moja ikipotea, karibu robo imeenda.

7/ Baadaye data ya setilaiti ilielekeza msako kusini mwa Bahari ya Hindi. Nchi 26 zilikuwa zimeingia. Australia ikaongoza, kwa sababu nchi zilishagawana maeneo ya uokoaji na hilo ni lake. Gharama ya kuchunguza sakafu ya bahari ikabebwa na Australia, Malaysia na China. Kilomita za mraba 120,000. Januari 2017 wakasimamisha. Hawakuipata.

8/ Vipande vililetwa na mawimbi: Réunion mwaka 2015, kisha Msumbiji, na Juni 2016 kipande kikubwa cha bawa kikapatikana Pemba, hapa kwa jirani. Kilikabidhiwa wachunguzi, wakathibitisha ni cha MH370. Haikuhitaji manowari, ilihitaji tu kutoa ulicho nacho.

9/ Kanuni za kimataifa zimebadilika tangu hapo: betri za siku 90, na ndege kubwa kufuatiliwa kila dakika 15 baharini. Lakini hakuna kanuni inayolazimisha jeshi kufungua rada yake.

10/ Kwa hivyo mwanasiasa akisimama kutetea "usalama wa taifa" ama "ushirikiano", muulize swali moja: ndege ikipotea leo usiku karibu na mpaka wetu, saa ya kwanza nani anampigia nani simu, na anaruhusiwa kusema nini? Familia za wale 239 bado zinangoja.

Wewe unaonaje?