Vifaa vya kufugia farasi wadogo

Vifaa vya kufugia farasi wadogo ni jumla ya zana, malisho, dawa na makazi anayohitaji farasi wa kimo kifupi anayefugwa nyumbani awe mwenza wa watu, si wa kazi nzito. Farasi hao wako wa namna mbili. Poni ni yule ambaye kimo chake, kikipimwa kutoka ardhini hadi mabegani, hakizidi sentimita 148 hivi. Farasi kibeti ni mdogo zaidi: American Miniature Horse Association, chama kilichoundwa Marekani mwaka 1978, hakimwandikishi mnyama aliyezidi inchi 34, yaani sentimita 86. Kimo hicho kimezidi kidogo tu kile cha meza ya kulia chakula. Akitunzwa vema huishi miaka 25 hadi 35, kwa hiyo anayemnunulia mtoto wake wa miaka saba ajue kwamba mtoto ataoa na farasi bado yupo.

Mahitaji hayo hutegemea mahali. Gashonga, mojawapo ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi katika uliokuwa mkoa wa Cyangugu, kusini-magharibi mwa Rwanda, ni nchi ya milima na ng'ombe. Kinyarwanda kina neno *ifarashi*, lakini neno lenyewe ni mgeni, ndugu wa farasi wa Kiswahili. Mfugo wa heshima ni ng'ombe, na tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka umekuwa ukigawa ng'ombe kwa kaya maskini, kila aliyepokea akimpa jirani ndama jike wa kwanza. Kwa sababu hiyo duka la pembejeo la huku limejaa mahitaji ya ng'ombe: majani, dawa ya kupe, jiwe la chumvi, chakula kilichofungwa mifukoni. Mtu akileta farasi mdogo atakwenda duka hilohilo. Hapo ndipo hatari ilipo, maana farasi mdogo si ng'ombe mdogo, na vitu kadhaa vinavyomnenepesha ng'ombe humuua farasi.

Malisho. Chakula chake ni majani, mchana na usiku, kidogokidogo. Kibeti wa kilo 100 hutosheka kwa kilo 1.5 hadi 2 za chakula kikavu kwa siku. Majani mabichi huwa na maji karibu robo tatu ya uzito wake, basi ni kilo 6 hadi 8 zilizokatwa shambani. Kifaa cha kwanza cha kununua, kabla ya brashi na madoido mengine, ni mizani ya kuning'iniza. Farasi kibeti hunenepa upesi, na unene humletea uvimbe wa ndani ya kwato unaomfanya asimame kama anayekanyaga makaa. Kumnyima chakula ghafla ili apungue nako ni kosa: mafuta hufurika katika damu na ini, naye hufa kwa siku chache.

Matete, ambayo ndiyo chakula kikuu cha ng'ombe anayelishwa zizini Rwanda, hayafai kuwa chakula chake cha pekee. Yana oksaleti, ambayo hushikamana na kalisi tumboni isifike mwilini. Tumbo la ng'ombe lina vijidudu vya kuivunja. La farasi halina vya kutosha. Mwili huanza kuchota kalisi mifupani, mnyama anachechemea, kisha mifupa ya uso inavimba. Dawa yake ni kuchanganya: nyasi za aina nyingine, desmodiamu, na chokaa ya kulishia mifugo. Lusina, ambayo wafugaji wa mbuzi huisifu, humnyonyoa farasi manyoya ya shingo na mkia. Majani ya mparachichi ni sumu kwake, na hapa mparachichi uko karibu kila uani.

Mahindi na pumba hazihitajiki. Chakula cha kuku kisimkaribie kabisa, kwa kuwa mara nyingi hutiwa monensini ya kuzuia kuhara damu. Kiasi anachokivumilia ng'ombe kinatosha kuusimamisha moyo wa farasi. Chakula cha ng'ombe nacho huweza kuwa na dawa hiyo, basi lebo isomwe hadi mwisho. Chumvi awekewe jiwe jeupe la chumvi tupu. Maji awe nayo wakati wote, lita 5 hadi 10 kwa siku kwa kibeti, katika ndoo pana iliyofungwa ukutani, kwa sababu ndoo ya kusimama ataipindua, na si kwa bahati mbaya.

Dawa. Farasi hawezi kutapika. Kinachomwingia lazima kipite chote, na maumivu ya tumbo ndiyo yanayoua farasi wengi. Dawa ya kupe yenye amitrazi, ambayo hunyunyiziwa ng'ombe kwa bomba, hulegeza utumbo wa farasi hadi mavi yakakwama. Kupe wake wang'olewe kwa mkono, au daktari wa mifugo achague dawa nyingine. Dawa ya minyoo ya ivermectini apewe ya mdomoni iliyotengenezewa farasi, si ile ya sindano ya ng'ombe. Kipimo chake ni mikrogramu 200 kwa kila kilo, kwa hiyo utepe wa kupimia kifua ili kukadiria uzito nao ni kifaa cha lazima. Upande wa magonjwa, linaloogopwa zaidi Afrika ni tauni ya farasi, inayoenezwa na visubi wanaouma kuanzia magharibi hadi alfajiri, hasa baada ya mvua. Farasi wengi wanaougua aina yake kali hufa. Punda kwa kawaida hupona. Chanjo ipo, ila bila kuipata, chandarua chenye matundu madogo sana kwenye mlango na dirisha la banda ndiyo kinga ya mfugaji.

Boma na banda. Seng'enge ya miiba haifai: farasi akishtuka hukimbia kabla ya kutazama. Uzio wa mnyaa, huo ambao Wanyarwanda huuita *umuyenzi* na kuzungushia nyumba zao, unapendeza, lakini utomvu wake huunguza macho, basi ndani yake pigwe nguzo na fito za mkaratusi. Banda liwe na sakafu ya mteremko na matandiko makavu. Mabua ya mpunga ya bonde la Bugarama yanafaa kulalia mradi hayajaota ukungu. Mifuko ya plastiki isionekane. Rwanda iliipiga marufuku mwaka 2008, na kwa tumbo lisilotapika hiyo ni sheria njema.

Mwenzake naye ahesabiwe katika mahitaji. Farasi wa peke yake huzunguka uzio akilia hadi akakonda. Mbuzi husaidia, punda husaidia zaidi.

Hatamu na shogi. Hatamu ya ngozi au ya utepe mpana wa pamba ni bora kuliko kamba ya nailoni, ambayo hukata pua. Wanaojua sana jinsi vifaa visivyofaa vinavyomjeruhi mnyama katika Afrika Mashariki ni watu wa Lamu, mji wa kale ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ambako vichochoro havipitishi gari na mizigo hubebwa kwa punda. Shogi, mfuko wa pande mbili unaolazwa mgongoni, hupakiwa mchanga na mawe, na chini yake ndiko vidonda hutokea pasipokuwa na tandiko nene. The Donkey Sanctuary ya Uingereza ilianza kutibu punda hapo mwaka 1987. Farasi kibeti hapaswi kubeba zaidi ya sehemu moja ya tano ya uzito wake: kwa kilo 100 ni kilo 20, yaani mtoto mdogo, na si kwa muda mrefu.

Kwato. Vifaa ni vitatu: chuma butu kilichopinda cha kuchokolea, kisu cha kwato, na tupa. Mfugaji husimama ubavuni mwa mnyama akielekea mkiani, hushusha mkono mguuni hadi mguu unyanyuke, kisha huchokoa tope kutoka kisigino kwenda mbele, akiiacha salama ile sehemu laini ya pembetatu iliyo katikati. Penye harufu mbaya na ute mweusi, kwato imeanza kuoza, na katika miezi ya mvua ya Gashonga tope halikosekani. Kazi hii ni ya kila siku. Kuchonga ni kila wiki 6 hadi 8, na huhitaji mtu aliyefundishwa: kwato isiyochongwa hurefuka, hujipinda kama kiatu cha ncha, na mguu mzima huharibika. Ng'ombe wa zizini huvumilia mengi kabla ya kulemaa, farasi havumilii. Anayetaka kumleta farasi mdogo Gashonga amtafute kwanza mchongaji wa kwato atakayekubali kupanda mlima kila baada ya wiki 8. Akimkosa, afuge mbuzi.