Mkoba wa fundi wa umeme: anza na testa

Mkoba wangu wa kazi hauna mengi: bisibisi bapa na ya nyota, plaizi, kisu cha kumenya waya, nyundo, patasi, futi, tepu nyeusi. Na testa. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240 na hauonekani kwa macho. Siku moja niliigusisha testa kwenye waya wa taa ya dari, kijitaa chake hakikuwaka, nikashika. Kumbe kilichokufa ni testa yenyewe. Nilirushwa kutoka ngazini, mkono ukafa ganzi hadi magharibi. Tangu hapo huijaribu kwanza penye umeme ninaoujua, kisha penye kazi, halafu narudi pale pa kwanza. Na meni suichi huwa nimeshaizima.

Waya wa taa ni milimita mraba 1.5, wa soketi 2.5, usikubali muuza duka akupunguzie. Mwekundu au kahawia ndio wa moto, mweusi au buluu nyutro, kijani na manjano athi.

Kuta zetu za mawe ya matumbawe huchongeka upesi kwa patasi, lakini hewa ya chumvi hula skrubu. Nyumba za karibu na ufuo huzifungua soketi kila mwaka nikazikaza upya.