Kiangazi cha Alaska: Jinsi ya kusoma utabiri wa miezi mitatu

Kuna jamaa niliyemaliza naye form four kapata nafasi ya kwenda kusoma Fairbanks, Alaska. Juzi kanitumia ramani ya utabiri wa Juni mpaka Agosti, karibu jimbo zima limepakwa rangi ya chungwa, na chini kaandika: "Oya, kumbe huko joto tu, koti la nini?" Nikaona nimjibu hapa, maana wengi tunasoma ramani hizi vibaya.

Kwanza, anayezitoa. Ni kituo cha utabiri cha Marekani, CPC, kilicho chini ya NOAA. Kila Alhamisi ya tatu ya mwezi kinatoa makadirio ya miezi mitatu mitatu. Kinachotabiriwa hapo sio nyuzi joto. Wanachukua rekodi za miaka 1991 hadi 2020, wanazigawa mafungu matatu: juu ya wastani, wastani, na chini ya wastani. Ni maneno yale yale tunayoyasikia TMA wakitangaza mvua za Vuli na Masika, kwa hiyo msishtuke.

Kama hakuna dalili yoyote, kila fungu lina asilimia 33 na kidogo. Ramani ikisema asilimia 50 juu ya wastani, maana yake fungu la katikati limebaki na 33 na la baridi lina kama 17. Yaani kiangazi cha baridi bado kina nafasi moja kati ya sita. Ukirusha dete, namba sita si inatoka? Basi ndio hiyo hiyo. Na rangi ikikolea haimaanishi joto kali zaidi, inamaanisha wana uhakika zaidi.

Halafu jiulize, wastani wa wapi? Fairbanks mwezi wa saba mchana ni kama nyuzi 22 au 23 za sentigredi. Utqiagvik, ule mji wa pwani ya kaskazini uliokuwa ukiitwa Barrow mpaka 2016, kwa kawaida haifiki hata 10, japo jua halizami kuanzia Mei mpaka mwanzoni mwa Agosti. "Juu ya wastani" ya Utqiagvik bado ni sweta. Koti beba, ndugu yangu.

Ila msidhani huko joto halifiki. Fort Yukon ilipata nyuzi 37.8 mwaka 1915. Anchorage ilifika 32.2 tarehe 4 Julai 2019, rekodi ya mji. Juni 2025 ofisi ya hali ya hewa ya Fairbanks ilitoa tahadhari rasmi ya joto kwa mara ya kwanza. Nyumba za kule zimejengwa kuzuia joto lisitoke, na jua la Juni linakaa karibu saa 22. Nyuzi 30 za pale unazilala nazo ndani.

Kwa nini ramani nyingi siku hizi zinaegemea upande wa joto? Kaskazini ya mbali inapata joto haraka kuliko dunia kwa wastani, barafu ya bahari inapungua, na bahari isiyo na barafu inatunza joto. Elnino nayo wanaiangalia, ila kwa Alaska nguvu yake inaonekana zaidi wakati wa baridi.

Sasa kitu ambacho rangi ya chungwa haisemi: moto. Katikati ya Alaska Juni ni mwezi wa radi. Chini ya misitu kuna tabaka nene la majani na kuvu la miaka mingi. Likikauka wiki chache tu, radi moja inatosha, na moto unaweza kufukuta chini kwa chini bila kuonekana. Mwaka 2004 ziliungua ekari kama milioni 6.6, na 2015 ekari milioni 5.1. Mwaka 2022, ekari zaidi ya milioni 3, ikiwemo nyika isiyo na miti kusini magharibi karibu na St. Mary's, ambako wazee na wagonjwa ilibidi waondolewe. Kiangazi chenye joto lakini mvua ya kutosha hakina shida sana, kwa hiyo iangalie na ramani ya mvua, ingawa ile huwa na uhakika mdogo kuliko ya joto.

Samaki nao. Kiangazi cha 2019 samoni walikufa kwenye mto Koyukuk kabla hawajazaa, maji yalikuwa ya moto mno kwao. Kwa vijiji vinavyokausha samaki wa kula baridi yote, hiyo ni njaa kabisa.

Kwa hiyo jamaa yangu: koti, barakoa ya moshi, na pazia zito la dirisha, maana usiku hautauona. Na siku ya mwisho ya Mei angalia tena, huwa wanatoa upya makadirio ya Juni peke yake. Hayo ya mwezi mmoja mimi nayaamini zaidi kuliko haya ya miezi mitatu.

Mdau uliyeko Anchorage au Fairbanks, tupe hali halisi ya moshi hapo chini.