Daka la Nyumba ya Lamu: Ujenzi Mpya na Hatima ya Neno

Nyumba kongwe za mawe za Lamu, ambazo nyingi ni za karne ya 18, zimeipa njia mgongo. Sehemu pekee inayomkaribisha mpita njia ni daka, yaani kipenu kilicho mbele ya mlango mkuu, chenye baraza mbili za mawe zinazoelekeana. Baada ya daka huja tekani, kisha kiwanda, ambacho ni ua wa ndani. Mwenye nyumba aliweza kumpokea mgeni na kumaliza shughuli yake papo hapo dakani, pasi na sitara ya wa ndani kuvunjwa.

Kwa mintarafu ya lugha, daka na baraza hazikupata bahati moja. Neno baraza lilitoka kwenye kiti cha mawe likawa mkutano wa watu, na hatimaye chombo cha dola: leo kuna baraza la mawaziri hata pale ambapo hapana nyumba yenye baraza. Daka halikusafiri hivyo. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alilitumia kwa maana ya shubaka la ukutani la kuwekea vyombo, maana ambayo imebaki katika kidaka. Lakini daka la mlangoni halina pa kukimbilia nje ya jengo lenyewe. Likibomoka, neno nalo hukosa makao.

Ndiyo maana namna ya kulijenga upya si jambo la mafundi peke yao. Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Unyevu upandao kutoka ardhini hupumua kupitia lipu ya chokaa. Fundi akipaka saruji, unyevu hufungiwa ndani. Chumvi hujikusanya, lipu hubanduka na jiwe huanza kulika. Aidha, daka lililoanguka laweza kurejeshwa kama varanda, mfano wa zile za majumba ya ukingo wa bahari yaliyoanza kujengwa katika karne ya 19. Varanda hutazama mandhari. Daka hutazama mgeni. Baraza zikiondolewa ili kupanua nafasi, paa husalia, lakini daka huwa limekwisha.

Mwaka 1975 Usam Ghaidan alichapisha uchunguzi wake juu ya mji huu na majengo yake. Mji wa kale ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1986, na UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Sheria yaweza kulinda kuta. Hata hivyo, msamiati wa sehemu za nyumba hulindwa na wanaozitumia. Basi mwanaleksikografia anayeandika kuwa daka ni “varanda” hana budi kujua kwamba naye, kwa kalamu yake, amebomoa baraza mbili.