Dakti Imeharibu Sura ya Keja? Iboksi Hivi, Lakini Usijifungie Moshi

Umehamia keja mpya, vigae vinang'aa, dirisha linaangalia tao, lakini juu ya jiko kuna bomba la bati limekatiza ukuta mzima. Hiyo ndiyo dakti. Inabeba moshi na mvuke wa jikoni, ama hewa ya choo kisicho na dirisha, mpaka nje.

Kuiboksi ni kuijengea sanduku la kuificha. Kazi si ngumu. Noma ni kuificha hadi ikose kufanya kazi.

Kabla ya kuanza

Kama umepanga, ongea na landlodi kwanza, na umwambie akujibu kwa maandishi. Deposit ni yako, usiipoteze juu ya mbao nne.

Pili, jua bomba linatoka wapi. Kama limetoka kwa hita ya maji ya gesi, wachana nalo. Hilo hubeba moshi moto wenye sumu, na ni kazi ya fundi wa gesi.

Hatua zenyewe

1. Washa feni, pitisha tishu kwa kila kiungo cha bomba. Ikipepea, hewa inavuja. Ziba na tepu ya alumini. Ile ya kitambaa hubanduka ikipata joto.

2. Jenga fremu ya mbao za 2 kwa 2 ama ya chuma. Acha nafasi ya sm 2 hadi 3 kila upande wa dakti. Kabla ya kutoboa ukuta, hakikisha hakuna waya wala bomba la maji hapo.

3. Kama dakti inapita mahali baridi, ivalishe pamba ya faiba. Bila hiyo, mvuke hugeuka maji ndani ya bomba, na baada ya muda unaona madoa ya kahawia kwa boksi lako.

4. Funika na jipsamu ya mm 12. Kwa bafu, itisha ile inayostahimili maji. Mara nyingi huwa ya kijani. MDF ya kawaida hunywa maji ikavimba.

5. Acha kimlango cha skrubu mahali feni na viungo vilipo. Siku feni ikikwama, fundi atafungua, si kuvunja.

6. Tepu, fila, msasa, rangi. Imeisha.

Hapa usizibe

Wasee wengi wakishaonja utamu wa kuficha, wanahamia yale matundu ya hewa juu ya dirisha. Usijaribu. Ukiwasha jiko la makaa ndani, linatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kukuua ukiwa umelala. Hata matundu yakiwa wazi, jiko la makaa lisilale ndani.

Tundu la chini karibu na mtungi wa gesi pia liache. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo ikivuja hutambaa sakafuni. Feni ya juu haitakusaidia hapo.

Jaribio la mwisho

Rangi ikikauka, washa feni na uweke tishu moja kwa wavu wake. Ikishikiliwa, uko fiti. Ikianguka, fungua kile kimlango uangalie ulipobana bomba. Boksi safi na keja imejaa moshi, hapo hujafanya kitu.