Ukwezaji: Kutoka Sari Kuukuu Hadi Mkoba wa Kifahari

Ukwezaji ni utengenezaji wa bidhaa kutokana na kitu kilichochakaa, kilichobaki au kilichotupwa, kwa namna ambayo bidhaa hiyo inakuwa na thamani kubwa kuliko kitu kilichotumika kuitengeneza. Sari ya hariri iliyochanika upande mmoja ikikatwa na kushonwa mkoba wa sherehe uliodariziwa kwa zari, yaani uzi wa metali, hiyo ni kazi ya ukwezaji. Sari hiyohiyo ikisagwa kuwa nyuzi fupi za kujazia magodoro, taka imepungua kwa kiasi kilekile, lakini hariri imeshuka daraja. Istilahi hii ilizaliwa kutokana na haja ya kutenganisha mambo hayo mawili.

Kwa Kiingereza dhana hiyo huitwa upcycling. Neno hilo huhusishwa na mhandisi Mjerumani Reiner Pilz. Mwaka 1994, alipohojiwa na jarida la Uingereza la Salvo linaloshughulikia vifaa vya majengo ya kale, alilalamika kwamba kilichoitwa urejelezaji barani Ulaya kilikuwa kwa kweli ushushaji, kwa kuwa matofali mazima ya nyumba za zamani yalikuwa yakipondwapondwa badala ya kujengewa tena. Alitaka mfumo ambao kitu cha zamani kinaongezewa thamani. Mwaka 2002 kitabu cha Cradle to Cradle, kilichoandikwa na mbunifu majengo Mmarekani William McDonough na mkemia Mjerumani Michael Braungart, kiliwafikishia wabunifu wa bidhaa hoja za aina hiyo, na baada ya hapo neno likaingia katika mitindo ya mavazi na kukaa humo.

Kiswahili kilikuwa tayari na urejelezaji, neno linalotosha kwa kazi ya kurudisha taka katika mzunguko wa uzalishaji. Upungufu wake ni kwamba halisemi kama thamani imepanda au imeshuka. Maelezo kama "urejelezaji wa kuongeza thamani" yanaeleweka, ila ni marefu na hayatoi kitenzi. Kitenzi kweza, ambacho ni kufanya kitu kikwee, ni kifupi na hunyumbulika. Wavuvi hukweza mashua ufukweni, wafanyabiashara hukweza bei, na kutoka hapo zinapatikana bila taabu mkwezaji, kitambaa kilichokwezwa na ukwezaji wenyewe, pamoja na kinyume chake, ushushaji. Mkwezaji asichanganywe na mkwezi, ambaye hupanda minazi. Kwamba kitenzi hicho kinagusa pia upandishaji wa bei si kasoro. Katika bidhaa za kifahari bei ni sehemu ya jambo lenyewe. Utumiaji tena ni kitu kingine kabisa: sari ambayo mama amemwachia binti yake aivae imetumiwa tena, wala haijakwezwa.

India ni mahali pazuri pa kuipima istilahi hii kwa sababu kazi yenyewe ilikuwepo huko karne nyingi kabla ya jina. Mfano unaojulikana zaidi ni kantha ya Bengali, yaani Bengali Magharibi ya India pamoja na Bangladeshi ya leo. Wanawake walichukua sari na dhoti (nguo za kiunoni za wanaume) zilizolainika kwa kufuliwa miaka mingi, wakazipanga tabaka juu ya tabaka, kisha wakazishona pamoja kwa mshono rahisi wa sindano inayozama na kuibuka. Uzi wa rangi mara nyingi ulichomolewa katika pindo za sari hizohizo. Katikati palishonwa ua la yungiyungi, pembeni miti, samaki, tembo, hata watu na magari ya farasi. Zilitoka shuka za kujifunika, lakini pia vitu vidogo vya matumizi binafsi: vifuniko vya kufungia vitabu, arshilata ya kukunjia kioo na kitana, na durjani, pochi ambayo hutengenezwa kwa kukunja pembe tatu za kitambaa kuelekea katikati na kuiacha ya nne iwe kifuniko chenye kamba. Durjani ni kipochi cha mkononi kilichokwezwa, na hakikungoja mbunifu yeyote wa Paris. Kantha haikuuzwa, ilitolewa zawadi kwa mtoto mchanga, bibi harusi au mgeni wa heshima. Thamani iliyoongezeka ilikuwa ya kijamii kabla haijawa ya fedha. Biashara ilikuja baadaye, hasa katika karne ya 20, na mwaka 2008 jina la Nakshi Kantha la Bengali Magharibi lilisajiliwa India kama alama ya kijiografia. Kantha nyingi za sokoni leo hushonwa juu ya hariri mpya. Ufundi umebaki, ukwezaji umeondoka.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kuijua pia kawandi. Huu ni mfarishi wa viraka unaoshonwa na wanawake wa Kisidi katika wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka. Wasidi ni Wahindi wenye asili ya Afrika. Wazee wao walivuka bahari kama watumwa, mabaharia na askari, wengi wakitoka upande wa mashariki wa bara hilo, na katika Karnataka wengi walipitia Goa iliyokuwa chini ya Wareno. Wenzao wa Gujarat bado huita ngoma yao goma. Mshonaji wa kawandi hutandika sari kuukuu iwe msingi, huanzia pembeni, na kuongeza kiraka baada ya kiraka akizunguka kuelekea katikati, kingo za kila kiraka zikiwa zimekunjwa ndani. Pembe za mfarishi hufungwa kwa vitambaa vilivyokunjwa vinavyoitwa phula, maana yake maua. Wenyewe husema kawandi isiyo na phula iko uchi. Mwaka 2004 mwanahistoria wa sanaa Mmarekani Henry John Drewal alishirikiana na wanawake hao kuanzisha ushirika wa kuuza kazi zao, na mifarishi iliyokuwa ya kulalia watoto ikaanza kutundikwa katika kuta za makumbusho. Nguo ni zilezile na mshono ni uleule. Kilichopanda ni hadhi, na hilo linaonyesha kwamba ukwezaji unategemea pia jicho la mnunuzi.

Malighafi ya kazi hizi ina njia zake. Kwa muda mrefu watu wa jamii ya Devipujak, waitwao pia Waghri, kutoka Gujarat wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba mijini wakibadilishana vyombo vya jikoni kwa nguo kuukuu. Huko Delhi nguo hizo huuzwa katika soko la Raghubir Nagar, ambako wanunuzi huzipanga kwa aina: za kuvaliwa tena, za kuwa matambara ya viwandani, na sari za hariri zinazoweza kugeuzwa foronya, skafu na mikoba. Sari zenye zari ya zamani zilikuwa na soko lao peke yao. Zari halisi ni uzi wa hariri uliozungushiwa utepe mwembamba wa fedha iliyopakwa dhahabu, kwa hiyo sari iliyochakaa ilichomwa moto ili fedha ipatikane. Kazi ya wiki nyingi ya mfumaji iliishia kuwa donge la madini. Kwa mbunifu wa ukwezaji, pindo la sari kama hiyo lina thamani zaidi likiwa zima.

Kinyume cha haya kiko Panipat, mji wa jimbo la Haryana ulio kilomita 90 hivi kaskazini mwa Delhi. Sweta na makoti ya sufu yaliyotupwa Ulaya na Marekani huingia humo kwa marobota, yakiwa yamekatwakatwa ili yasiuzwe kama nguo. Vifungo na zipu huondolewa, vipande hutengwa kwa rangi ili kuepuka gharama ya kutia rangi upya, kisha mashine huvichana kuwa nyuzi zinazosokotwa na kufumwa mablanketi ya bei nafuu. Kila nyuzi zinapochanwa hufupika, na uzi mfupi hutoa kitambaa dhaifu. Panipat inaokoa shehena ambayo hakuna karakana ya mikoba ingeweza kuigusa, na hilo lisidharauliwe. Lakini kiistilahi, kinachofanyika pale ni urejelezaji wa kushusha. Marobota hayo yana undugu na mitumba ya soko la Gikomba, Nairobi, na ya Dar es Salaam: sehemu ya nguo zinazopangwa katika eneo la viwanda la bandari ya Kandla, Gujarat, husafirishwa tena kuja Afrika.

Ndani ya karakana ya kifahari, ugumu wa kwanza ni kitambaa chenyewe. Hariri iliyokunjwa sandukuni miaka mingi hukatika kwenye mistari ya mikunjo, na sehemu zilizoloa jasho huoza kabla ya nyingine. Fundi hawezi kuweka kielelezo juu ya kitambaa na kukata. Huishika sari dhidi ya mwanga, hutia alama palipo dhaifu, na hukata kwa kukwepa. Vipande vilivyopona hutiwa bitana ya pamba ili vibebe uzito wa nakshi. Kama kazi ni ya zardozi, udarizi wa nyuzi za metali ulioota mizizi Lucknow, Bhopal, Agra na Delhi, kitambaa huwambwa kwenye fremu ya mbao iitwayo adda, na mafundi huketi chini kuizunguka. Mchoro huhamishwa kwa karatasi iliyotobolewa vitundu: hupanguswa kwa unga wa rangi uliochanganywa na mafuta ya taa, na vitone hubaki kitambaani. Mshono wa ari hufanywa kwa kindoana kinachovuta uzi kutoka chini, na ule wa koili na vipuli vya metali hufanywa kwa sindano. Juu ya hariri kuukuu tundu lililokosewa halizibiki, kwa hiyo kazi hii hupewa mikono iliyozoea.

Hapo ndipo inapoonekana kwa nini ukwezaji wa kifahari umestawi katika mikoba, mikanda, skafu na hereni kuliko katika magauni. Mkoba hautaki saizi. Hauvutwi na mwili, hivyo kitambaa kilichochoka huweza kudumu kikiwa na bitana na fremu nyuma yake. Unatosheka na vipande vidogo, jambo ambalo gauni haliwezi hata kwa sari ya mita 5 au 6 yenye madoa mawili yaliyokaa vibaya. Tena vipande visivyofanana, ambavyo kwa kiwanda cha mashati ni hasara, kwa muuzaji wa anasa ni sifa: hakuna mikoba miwili inayolingana. Hata Hermès ya Ufaransa iliuona mlango huu, ikaanzisha petit h mwaka 2010 kwa ajili ya kutengeneza vitu kutokana na mabaki ya ngozi, hariri na kioo ya karakana zake yenyewe.

Malighafi si hariri pekee. Shirika la Conserve India la Delhi, lililoanzishwa mwaka 1998, lilipata njia ya kuosha mifuko ya plastiki, kuipanga kwa rangi, kuiweka tabaka na kuigandamiza kwa joto hadi iwe karatasi ngumu ya kushonea mikoba, bila kuongeza rangi yoyote. Huko Kutch, Gujarat, kituo cha ufundi cha Khamir kilichoanzishwa baada ya tetemeko la ardhi la 2001 hukata mifuko kama hiyo kuwa tepe na kuzifuma katika vitanda vya mfumi vya mkono, na reCharkha ya Pune hutumia gurudumu la kusokotea uzi, lile charkha linalohusishwa na Gandhi, kuviringishia tepe za plastiki kabla ya kufuma. JaggerY ya Delhi imeshona mikoba kutokana na turubai na mikanda ya usalama ya magari. Plastiki inadai ustadi wa aina nyingine, maana haina historia ya kupendeza kama sari. Hadhi yake yote hutoka katika ufumaji.

Suala lililobaki ni nani anapokea thamani iliyokwezwa. Sari kuukuu hununuliwa kwa bei ndogo, na tofauti kati ya bei hiyo na ya mkoba dukani hugawanywa kati ya mfanyabiashara wa nguo, karakana, mbunifu na duka. Nakshi za India zimehudumia nyumba kubwa za mitindo za Ulaya kwa miongo mingi bila kutajwa. Onyesho la Dior lililofanyika Mumbai tarehe 30 Machi 2023, pamoja na karakana ya udarizi ya Chanakya, lilikuwa tukio adimu la kuwataja mafundi hadharani. Mwaka 2016 kampuni kadhaa za anasa zilianzisha mkataba wa Utthan ili kuboresha usalama na ujira katika karakana za udarizi za India, kwa sababu hali ilikuwa mbaya kiasi cha kuwaaibisha. Hakuna sehemu ya istilahi hii inayomhakikishia fundi malipo, na wauzaji wanaolitumia neno kana kwamba linamhakikishia wanalikweza kupita kiasi.

Kwa hiyo jina hili litumike kwa masharti. Malighafi iwe imekwisha kweli kazi yake ya kwanza au iwe masalio ya kiwandani, na mkono wa fundi uwe ndio ulioongeza thamani, si lebo. Biashara ya "hariri ya sari" imekua kiasi kwamba hata kitambaa kipya kinaweza kuuzwa kama cha zamani. Mkoba wa kitambaa cha namna hiyo unaweza kuwa mzuri na wa bei ya juu, lakini ukwezaji si jina lake.