Mwambao Uliohama: Kamera Kubwa na Ziwa Tanganyika

Mtu wa pwani huona maji yakipwa na kujaa mara mbili kila siku, wala hashangai. Ziwa Tanganyika nalo lina kupwa na kujaa kwake, ila hutimia kwa miaka mingi, na aliyeuona mwanzo wake aghalabu hayupo kuuona mwisho. Mwambao wa Ujiji, basi, wahitaji shahidi mwenye umri mrefu kuliko wa mwanadamu.

Shahidi huyo alichelewa. Henry Morton Stanley alipomkuta David Livingstone Ujiji mwaka 1871, taswira ya siku ile iliufikia ulimwengu kwa mchoro. Picha za zama zile zilidai kioo kipakwe dawa, kipigwe na kusafishwa kabla hakijakauka; msafara ungebeba hema la giza na chupa za dawa tangu pwani. Mwaka uleule, huko Uingereza, daktari Richard Leach Maddox alitangaza njia ya jelatini, iliyozaa sahani kavu za kusafiria.

Sahani hizo zilipokuwa zikienea duniani, ziwa lilikuwa likiondoka. Mwaka 1878 maji yaliyofurika yalivunja kizuizi cha mto Lukuga, ng'ambo ya magharibi, yakamiminikia Kongo. Kufikia mwaka 1894 yalikuwa yameshuka takriban mita 10. Ukumbusho wa Livingstone pale Ujiji umebaki nchi kavu.

Kamera kubwa ya miguu mitatu hupiga karatasi moja ya filamu kwa wakati mmoja, ya inchi 4 kwa 5 au 8 kwa 10. Mpiga picha hujifunika kitambaa cheusi na kuitazama nchi ikiwa kichwa chini miguu juu. Upana wa karatasi hiyo huhifadhi mengi: mstari wa maji juu ya jiwe, makuti ya paa, mizizi ya mwembe.

Lakini shahidi huyu naye ana kasoro zake. Sahani za kale ziliiona vyema rangi ya buluu na kuikosa nyekundu. Udongo mwekundu ukawa giza, mbingu ikaungana na ziwa katika weupe mmoja. Tena, lenzi ikifunguliwa kwa muda mrefu, apitaye hafutiki kwa mkono bali kwa mwendo wake. Soko lenye watu huweza kuonekana kama mahame, na nchi ionekanayo tupu humfaa sana anayetaka kuitwaa.

Kwa mkazi wa Buzebazeba, kata ya manispaa ya Kigoma Ujiji, hayo si mambo ya makumbusho tu. Mwaka 2024 ziwa lilijaa tena na kuvamia makazi ya mwambaoni. Atakayesimika kamera pale ziwani aandike tarehe na mahali, arudi palepale mwaka baada ya mwaka, na awaombe wapitao wasimame kidogo. Maji yataondoka tena. Picha ibaki na ufuko, na watu wake.